Laini kwa Kulungu, Ngumu kwa Bunduki

Kulungu hakuanguka. Hilo ndilo lililomkaa Senja Kallio kooni tangu mwanzo. Alikuwa amelenga kwa utulivu, akashusha pumzi, akafyatua. Bunduki ikamsukuma begani kwa upole, kama ilivyo desturi yake. Yule dume aliyesimama kando ya msonobari akainua kichwa tu, kana kwamba mtu amemwita kutoka mbali. Bunduki ilikwisha kujipakia risasi ya pili, lakini Senja hakuifyatua, maana alidhani amekosa. Kulungu akageuka, akatembea hatua chache kama mwenye shughuli zake, kisha akapotea katikati ya miti.

Penye nyayo Senja alikuta unyoya mdogo wa kahawia na tone moja la damu juu ya theluji, dogo kama punje ya mtama. Hakuwa amekosa.

Alimfuata tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama. Mahali pengine damu ilikatika kabisa, ikabidi ainame kuzitenga nyayo za mnyama wake na za wengine waliopita njia hiyo hiyo. Mwishowe nyayo zikamwingiza kwenye kinamasi cha mierezi, mahali ambapo barafu ni nyembamba na matope yake hayana urafiki na mtu. Huko akamkuta. Alikuwa amelala chini, kichwa kikiwa juu, akimtazama. Hakuwa na nguvu ya kukimbia wala hakuwa na bahati ya kufa. Senja akammaliza kwa risasi ya shingoni, kisha akaketi juu ya gogo lililolowa akakaa pale muda mrefu, mikono katikati ya magoti.

Alipompasua, alikuta risasi ile ya kwanza imepita nyuma kidogo ya mapafu, katika ini, ikatokea upande wa pili. Tundu la kuingilia lilitosha penseli. Tundu la kutokea nalo lilitosha penseli ile ile.

Risasi hizo zilikuwa za kaka yake, Arvo. Katika ukoo wao, watu wa misitu ile ya kaskazini mwa Michigan ambao mababu zao walikuja kutoka Ufini kuchimba shaba, kununua risasi dukani ilikuwa sawa na kununua theluji. Risasi mtu anazisubu mwenyewe. Anaokota gereji vile vizito vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu, anaviyeyusha, anavimimina kwenye kalibu. Arvo alisubu za nyumba nzima, na alisifika kwa ugumu wa kazi yake. Zikiwa bado moto alizidondosha kwenye ndoo ya maji baridi, zikalia chwaa, zikawa ngumu kama meno ya jini.

Jioni ile, kwenye kambi yao ya kuwindia, Senja aliingia na koti lake la rangi ya chungwa likiwa limeganda matope hadi kiunoni. Arvo alikuwa mezani na kikombe cha kahawa. Mkewe, Lempi, alikuwa jikoni akikata vitunguu.

"Umempata?" Arvo akauliza.

"Nimempata. Kinamasini. Alikuwa hai."

Arvo akaweka kikombe chini. "Basi ulipiga nyuma."

"Nilipiga nyuma vidole viwili, kaka. Sibishi."

"Basi usiisingizie risasi."

"Siisingizii, nimeitazama kazi yake. Imeingia kama sindano, imetoka kama sindano. Ile ni risasi au ni nesi wa chanjo?"

Lempi akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Wifi, mwache mume wangu! Risasi hizo ndizo wanawe. Mimi na wewe ni wapangaji tu humu ndani."

Lakini Arvo hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe upande mmoja kabla ya mwingine, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Unajua kwa nini nazikaza?" akasema. "Bunduki ya kujipakia ina deko kama mtoto wa mwisho. Ya kuvuta kwa mkono unaweza kuilisha hata kokoto. Hiyo yako, risasi inatupwa kwa nguvu kutoka magazini mpaka ndani ya mtutu. Ikiwa laini, pua inabonyea, inakwama. Mwaka ule wa kambi ya mtoni nilimvunja kulungu mguu. Nikavuta tena. Kimya! Nikafungua, nikakuta risasi imepinda pale mlangoni kama mshumaa uliokaa juani. Nikahangaika nayo kwa koleo huku mnyama amesimama ananitazama. Akaondoka kwa miguu mitatu. Sikumpata, siku ile wala siku ya pili. Kwa hiyo usinifundishe huruma, Senja."

Senja akavua koti lake lililoganda. Hakuwahi kuisikia habari hiyo, na alimjua kaka yake vya kutosha kufahamu kwamba haikumtoka kwa urahisi. Wakala pai ya nyama na viazi. Lempi peke yake ndiye aliyeongea, akisimulia ugomvi wa wanakwaya wa kanisani, mpaka wote wawili wakasahau kununa.

Angeweza kurudi kwenye bunduki ya kawaida, ile ya kuvuta kwa mkono, akaachana na mzozo. Bega lilimkatalia. Miaka michache nyuma gari la theluji lilimpindukia, na madaktari wakamfunga vipande vya chuma kwenye mfupa wa bega la kulia. Mkono ulipona kiasi cha kuendesha katapila la kusafisha barabara, kazi aliyoipenda, lakini haukupona kiasi cha kuvumilia teke la bunduki ya kawaida. Ile inayojipakia hutumia sehemu ya nguvu ya baruti kufanya kazi yake yenyewe, na kinachobaki kumfikia mpigaji ni kama kusukumwa na rafiki. Ilikuwa hiyo au kuacha kuwinda. Kuacha alikuwa amekufikiria, pale juu ya gogo. Majira yote ya baridi, akisukuma theluji kwenye barabara zisizo na gari jingine, macho ya yule dume yalikaa naye ndani ya kibanda cha katapila.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Arvo alizikaza risasi kwa ajili ya mnyama aliyeondoka na miguu mitatu. Yeye alizitaka laini kwa ajili ya mnyama wa kinamasini. Bunduki ilitaka kitu kigumu, nyama ilitaka kitu kinachofunguka, na katikati ya matakwa hayo mawili lazima pawe na njia, hata kama ni nyembamba.

Theluji ilipoyeyuka alisafisha kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, akaweka jiko la gesi na chungu cha chuma, akaacha milango yote wazi kwa sababu ya moshi wenye sumu. Alijiwekea sheria ya kutokula wala kunywa chochote mle ndani, na kunawa mikono hadi viwikoni kabla ya kugusa hata kitasa cha mlango wa jikoni.

Jaribio la kwanza lilikuwa la hasira zaidi kuliko akili. Alipata mabomba ya zamani ya maji, ya risasi tupu, madini laini kabisa ambayo ukucha unaacha alama, akayasubu peke yake bila kuchanganya kitu. Risasi zilitoka nzuri, nyeupe, zinang'aa. Tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne bunduki ikajivuta kwa uvivu. Ya tano ikakataa kabisa kutema ganda. Alipoifungua akakuta mtutu umepakwa rangi ya kijivu ndani, kama sufuria iliyounguza uji. Kile kitundu kidogo kinachopitisha hewa ya moto ya kusukuma mtambo kilikuwa kimezibwa na madini yaliyoyeyuka kwenye kitako cha risasi. Ilimchukua siku mbili kukizibua.

Arvo alipita siku hiyo ya pili, akamkuta na brashi na mafuta hadi usoni.

"Aisee," akasema, akiegemea mwimo wa mlango. "Umenunua bunduki ya kujipakia, umeigeuza gobore."

"Ulikuja kusaidia au kukejeli?"

"Kukejeli. Kusaidia ni Jumapili." Lakini alisimama pale, kisha akaongeza, akiangalia pembeni: "Kitako kinataka kofia ya shaba. Hata risasi ngumu zangu nazivisha. Bila kofia, moto unakilamba kitako."

Akaondoka bila kungoja ahsante.

Senja akazivisha kofia. Vilikuwa vifuniko vidogo vya shaba, vyembamba kama kucha, vinavyobanwa kwenye kitako cha risasi ili moto wa baruti ukutane na shaba kwanza. Mtutu ukabaki safi. Lakini hapo akajitafutia balaa jingine. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba risasi yenye pua bapa hupiga nyama kwa kishindo hata isipofunguka sana, basi akapata kalibu ya pua bapa pana, kama pua ya nguruwe. Bunduki ikaichukia siku ya kwanza. Kila risasi ya pili iligonga ukingo wa chemba, pale mtutu unapoanzia, ikasimama pale nusu ndani nusu nje, na Senja akaona mbele ya macho yake kisa cha Arvo cha mshumaa uliopinda. Moyo ulimpasuka kwa aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa kunguru.

Akabadili kalibu. Hii mpya ilikuwa na pua ya mviringo, imekatwa bapa kidogo tu pale mwisho, upana usiozidi kidonge cha kichwa. Hiyo bunduki ikaikubali.

Bado mambo hayakuisha, maana kila alipoziba tundu moja jingine lilifunguka. Baruti kidogo, mtambo haukuwa na nguvu ya kutema ganda. Akiongeza, kwa kadiri kitabu cha wanaojipakia risasi wenyewe kilivyoruhusu na si zaidi, risasi laini ziliteleza ndani ya mifereji ya mtutu badala ya kuzungushwa nayo, zikatawanyika kwenye shabaha kama kuku waliotupiwa jiwe. Alirudi nyuma kidogo, akasogea mbele kidogo. Kiangazi kizima kilipita hivyo. Majirani walizoea milio kutoka kwenye shimo la changarawe alikokuwa akijaribia, na Lempi akamkusanyia magazeti ya zamani ya mtaa mzima. Senja aliyalowesha kwenye beseni, akayafunga mafungu na kuyapanga mstari, kwa sababu karatasi iliyolowa hufanana na nyama kuliko ubao.

Siku moja, ili kuwa mwadilifu, alipiga mafungu hayo kwa risasi ya Arvo. Ilipita yote, ikaingia kwenye ukingo wa mchanga. Aliifukua, akaipangusa. Haikuwa imebadilika hata sura. Ungeweza kuipakia tena.

Zake mwenyewe, ambazo sasa alizichanganya nusu mabomba na nusu vizito vya magurudumu, zilifunguka vizuri. Tatizo likawa kwamba mabomba yalimwishia. Mwezi wa tisa ulipokatika risasi zote alikwisha kuzitumia kwenye majaribio, na hakuwa na kitu laini cha kutia chunguni.

Arvo alikuja mapema mwezi wa kumi, asubuhi yenye jalidi nyeupe majanini, akiwa amebeba ndoo kwa mikono miwili. Aliitua chini kwa kishindo. Ilijaa chubwi za zamani, vizito laini vya kuzamishia nyavu za baba yao, alizovulia samaki weupe kwenye ziwa kubwa kabla ya kifo chake.

Senja akaokota moja. Ilikuwa na tundu katikati la kupitishia kamba, na mahali palipobonyezwa na meno ya koleo.

"Kaka, una hakika?"

"Nyavu zimeoza. Na samaki hawamkumbuki." Arvo akavua glavu, akaziweka mfukoni. "Lempi amesema nikileta ubishi hapa nitalala nje, kwenye kibanda cha sauna. Kwa hiyo sijaleta ubishi. Nimeleta madini."

Senja alitaka kumkumbatia, lakini huo haukuwa mtindo wao. Akamkabidhi miwani ya kazi. "Vaa hii."

"Mimi nimesubu risasi tangu wewe una meno ya maziwa."

"Vaa, kaka. Kibanda ni changu."

Akavaa, akinung'unika. Chungu kilikuwa tayari motoni, vizito vya magurudumu vimeyeyuka vinang'aa kama kioo. Senja aligeuka kuchukua kijiko cha kukorogea, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema kwamba chubwi zipangwe kwanza pembeni mwa jiko zikauke, kwa kuwa zilitoka kwenye banda la mashua na zilikuwa na baridi. Hakuwahi. Arvo alikwisha chota konzi moja akaitia.

Ndani ya yale matundu mlikuwa na barafu. Maji yakiingia chini ya madini yaliyoyeyuka hayaombi ruhusa kutoka. Chungu kililipuka kwa mlio mmoja, madini yakaruka hadi kwenye dari na kunyesha kibandani mote. Senja alikuwa amegeuka, koti likamkinga. Arvo alipiga kelele moja fupi, akashika kifundo cha mkono wake wa kulia.

Kioo cha miwani kilikuwa kimetapakaa madoa ya fedha, palepale penye macho.

Senja akazima jiko, akamburuta hadi kwenye bomba la nje, akamwekea mkono chini ya maji mengi, akamvua saa iliyokuwa imeungua pamoja na ngozi. Wakiwa njiani kwenda hospitali Arvo aliegemea mlango wa gari, uso mweupe kama karatasi, mkono umefungwa taulo lililolowa. Mji ulipoanza kuonekana ndipo akasema:

"Usimwambie Lempi kwamba zilikuwa chubwi za baba."

"Kwa nini?"

"Atasema mzee bado ananichapa."

Senja akacheka huku machozi yakimtoka, ikabidi apunguze mwendo. Bila shaka Lempi aliambiwa kabla hata bandeji haijakauka, naye alisema maneno hayo hayo, neno kwa neno.

Madaktari walisema mkono utapona, lakini msimu huo Arvo asingeshika bunduki. Senja alirudi kibandani peke yake. Alizikausha chubwi zilizobaki kwenye bati juu ya jiko mpaka zikawa moto wa kutoshikika. Akazichanganya nusu kwa nusu na vizito vya magurudumu, akatia kipande cha waya wa lehemu ili madini yatiririke vizuri na kujaza kalibu. Risasi zilipotoka hakuzidondosha majini. Aliziangushia juu ya blanketi lililokunjwa zikapoa zenyewe, polepole, na akaziacha zikae majuma mawili bila kuguswa, kwa kuwa madini hayo huendelea kukomaa baada ya kupoa, kama mkate. Kisha akazivisha kofia za shaba na kuzipakia.

Ndipo mbivu na mbichi zilipojulikana. Alijaza magazini na kuimaliza, akajaza tena, mpaka bega lenyewe likamwomba apumzike. Hakuna hata moja iliyokwama. Ndani ya mafungu ya magazeti risasi zilifunguka pua zikawa kama uyoga, zima, hazikumeguka. Hiyo ilikuwa karibu. Alipoyasogeza mafungu mbali zaidi ya hatua mia moja na ushei, risasi zilifika zimechoka, zikapita bila kufunguka, kama zile za Arvo. Alijaribu siku tatu kuliondoa jambo hilo na halikuondoka. Basi akalikubali. Mbele ya kibanda chake cha kuvizia kulikuwa na mti mweupe uliopigwa radi. Akapima kwa miguu, akaona uko karibu na mpaka huo. Akajiambia kwamba nyuma ya mti ule hana risasi.

Siku ya kufunguliwa msimu Arvo alikuja kukaa naye, bandeji ndani ya soksi ya sufu, kwa sababu kubaki nyumbani siku hiyo kungemuua. Walikaa bega kwa bega kwenye benchi, chupa ya kahawa katikati, na mkate wa iliki wa Lempi umefungwa kitambaani. Kulipambazuka kijivu. Theluji nyepesi ilikuwa imetulia juu ya kila kitu.

Dume alitokea jua likiwa bado halijaugusa mti. Alikuwa mkubwa kuliko dume yeyote ambaye mmoja wao aliwahi kumwona akiwa hai, shingo nene, pembe zimepanda na kupanuka kama kiti cha kutikisika kilichogeuzwa. Alisimama ubavu wazi, nyuma kabisa ya mti mweupe.

"Piga," Arvo akanong'ona.

"Yuko nyuma ya mti."

"Nimemwona aliko, sijapofuka. Piga!"

"Kule haifunguki."

"Mlenge bega. Itavunja mfupa, atakaa."

"Au haitavunja."

"Senja, mungu wangu, tazama pembe hizo. Mnyama kama huyo anakuja mara moja katika maisha ya mtu!"

"Kaka, nyamaza."

Senja alikuwa amemlenga tayari. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na kwenye bega lake bovu alihisi mapigo ya moyo wake mwenyewe. Alijua anaweza kumpiga. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba kumpiga alikuwa na hakika nako. Dume akapuliza mvuke, akasogea kinyume chao, akasimama tena, kama anayewapa nafasi ya pili. Kisha akaingia msituni na matawi yakajifunga nyuma yake.

Senja akashusha bunduki. Arvo alikaa akiangalia mbele, akitafuna mkate polepole kama anayetafuna mbao.

"Zingekuwa risasi zangu," akasema mwishowe, "tungekuwa tumeshamfunga kamba."

"Zingekuwa risasi zako angekufa kesho kutwa."

Lilikuwa neno kali, na Senja alitamani kulirudisha. Arvo alitazama mkono wake uliofungwa. Kahawa ikapoa katikati yao.

Alasiri alikuja jike mmoja, peke yake, akichezesha masikio, akinusa ardhi. Kibali cha Senja kilimruhusu kuchukua jike. Jike huyo alipita kando ya mti mweupe, akaja upande wa huku, akakaribia zaidi, mpaka Senja akaona ukungu wa pumzi yake. Akaonyesha ubavu. Senja akafyatua.

Jike aliruka juu kwa miguu yote minne, akakimbia kwa nguvu umbali wa kurusha jiwe, miguu ikachanganyikana, akaanguka. Mkia ukapepea mara moja. Basi.

"Imepakia?" Arvo akauliza haraka.

Senja akatazama. Risasi ya pili ilikuwa imelala ndani, sawasawa. "Imepakia."

"Haya." Akapumua kwa kishindo, na Senja akatambua kwamba kaka yake alikuwa amezuia pumzi tangu mlio ule.

Walimpasua pamoja, Senja kwa mikono miwili na Arvo kwa mmoja na maelekezo mengi. Risasi ilikuwa imepasua mapafu yote mawili na kusimama chini ya ngozi ya upande wa pili. Arvo aliitoa kwa ncha ya kisu, akaisugua kwenye theluji. Kofia ya shaba ilikuwa bado kitakoni, na juu yake pua imechanua. Aliigeuza kiganjani mara kadhaa. Kisha akaitia mfukoni mwake.

"Hiyo ni yangu," Senja akasema.

"Nusu yake ni chubwi za baba. Nimechukua nusu ya ukoo. Nusu nyingine utaidai kwa Lempi."

Nyama yote iliyozunguka njia ya risasi waliikata kwa mapana na kuizika pamoja na matumbo, kwa kuwa madini yale hayafai tumboni mwa mtu wala mwa tai. Iliyobaki waliivuta kambini kwa kamba, Arvo akivuta kwa mkono wa kushoto na kulalamika njia nzima. Usiku wakala ini lililokaangwa kwa vitunguu, na Lempi akasema ndilo ini la kwanza katika nyumba ile lililokuja bila ugomvi.

Jumamosi iliyofuata Senja na Arvo walikwenda duka la ushirika kununua kahawa. Nje ya duka watu walikuwa wamejazana. Yule dume mkubwa alikuwa ananing'inia kwenye nguzo, na Waino Harju wa ng'ambo ya kijito alikuwa anasimulia kwa mara ya kumi jinsi alivyomdungua kutoka upande huu wa shamba hadi upande ule. Senja alisimama mbele ya zile pembe. Alitaka kuwa mtu asiyeona wivu, lakini hakuwa. Ilimuuma, tena si kidogo.

"Senja!" Waino akaita. "Alikuwa anapita kwako kila siku, nimeona nyayo. Hukumwona?"

Arvo akamtangulia Senja kujibu, "Tulimwona. Alikuwa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali kiasi chetu," Arvo akasema, akaingia dukani.

Waliporudi garini Senja hakuwasha injini mara moja.

"Nilimtaka, kaka."

"Najua. Nilikuwa nakitazama kidole chako. Hakikutoka kwenye kifyatulio mpaka alipoingia msituni."

Senja akawasha gari. Walipita daraja, wakapita kanisa, theluji ikaanza kuanguka tena.

"Mwakani tukisogeze kibanda," akasema. "Karibu na ule mti."

"Karibu na mti upepo unakuja mgongoni. Watakunusa kabla hujakaa."

"Upepo wa huku unatoka ziwani, kaka."

"Asubuhi! Alasiri je?"

"Alasiri wewe huwa umelala."

Wakabishana juu ya upepo hadi wakafika nyumbani. Lempi, aliyekuwa barazani akifagia theluji, aliwasikia kabla hajaliona gari.